Kumdanganya Mungu kwa Kiswahili Safi

Kwa miaka mitatu nilimdanganya Mungu, tena kwa Kiswahili safi. Haukuwa uongo wa kuua wala wa kuiba. Nilimwambia tu kwamba sijambo.

Wanaonijua hapa Bariadi watashangaa, maana wanaamini sala ndiyo kipaji changu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimefundisha Kiswahili tangu ujana wangu, na kwenye jumuiya yetu, ambayo hukutana kila Jumamosi asubuhi nyumba kwa nyumba, nikifumba macho watu hutulia. Mwenyekiti akiuliza nani atatuombea, hakuna anayejisumbua kuinua mkono, wote wananigeukia. Najivuta kidogo, kwa adabu, halafu naanza. Ee Mungu mwenye huruma, uliyetuamsha salama, tunakushukuru kwa mvua na kwa jua, kwa wenye afya na kwa wagonjwa unaowashika mkono. Maneno yanakuja yenyewe, yanafuatana kama ng'ombe wanaoijua njia ya lambo. Kuna mama mmoja hulia kila ninapofika kwa wagonjwa. Simlaumu, hata mimi nilikuwa naipenda sauti yangu.

Mgonjwa niliyekuwa nikimtaja alikuwa mama yangu mzazi. Kiharusi kilimkuta shambani kwake Shishiyu, huko Maswa, akipalilia pamba. Alianguka katikati ya mistari, na majirani walipomfikia jua lilikuwa limeshapanda na jembe bado lipo mkononi. Upande wote wa kulia ulikufa ganzi. Kaka zangu wawili, mmoja anaishi Mwanza na mwingine Dar es Salaam, walikuja wakakaa siku nne, wakakubaliana kwamba mwenye nyumba yenye nafasi ni mimi. Na kweli nafasi ilikuwapo. Mume wangu alishatangulia, wanangu wako shule za bweni. Nikamleta mama kwangu, pembezoni mwa mji, mahali ambapo ukitoka tu nyuma ya uzio yanaanza mashamba ya pamba ya watu na kuendelea hadi macho yanapochoka. Kaka zangu wakarudi kazini. Tangu hapo wanapiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili wananiambia Mungu atasaidia, kwa sauti ya watu waliokwisha kula chakula cha mchana.

Sisemi mama alikuwa mzigo. Nilizoea kusema kwamba si mzigo, na huo nao ulikuwa uongo. Alikuwa mzigo. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kumgeuza, kumwosha, kumbadilishia mashuka na kumnywesha uji kijiko kwa kijiko kabla sijakimbilia shule. Katikati ya asubuhi jirani yangu aliingia kumwangalia. Yeye ni mke wa mtumishi wa serikali, Mwislamu kutoka Tanga, aliyeletwa huku na uhamisho wa mumewe, na mashine yake ya kushonea iko kwenye baraza inayotazamana na yangu. Saa saba nilirudi, nikamkuta mama pale pale nilipomwacha, kitandani kando ya dirisha, akitazama nje.

Mwanzoni alikuwa akizungumza, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo. Baadaye akawa anapunguza. Mwaka wa pili alisema maji, alisema jua, alisema hapana. Mwaka wa tatu zikapita wiki nzima bila neno. Nilianza kuamini kwamba mama mwenyewe ameshakwenda zake na ametuachia macho tu.

Mchana wa Bariadi, kati ya saa saba na saa tisa, una namna yake ya kumlewesha mtu. Bati linalia taratibu kwa joto. Vumbi jepesi linaelea dirishani, halitui wala haliondoki. Kuku wanalala chini ya mkokoteni, hata mashine ya jirani inanyamaza. Ni katika mchana wa namna hiyo, nikianika mashuka uani, ndipo wazo fulani liliponijia kwa mara ya kwanza, polepole kabisa, bila kishindo. Niliona godoro la mama limeegemezwa ukutani juani, wazi, bila shuka. Niliona dirisha lake limefunguliwa na chumba kimefagiliwa. Niliona Jumamosi moja ambayo nimelala mpaka jua limeingia ndani, na hakuna anayenihitaji. Sikumwona mama akifa. Katika njozi ile alikuwa tayari hayupo, na mimi nilikuwa nimepumzika.

Nikashtuka, nikaokota vibanio vilivyodondoka, nikafanya ishara ya msalaba. Lakini kesho yake mchana njozi ilirudi, safari hii na pazia jipya. Siku nyingine ikaja na ile barua ya ruhusa ya kwenda masomoni, niliyoisukumia chini kabisa ya droo baada ya mama kuugua. Nikajiona nimebeba begi, nasubiri basi, mwepesi. Ikawa tamu. Nilikuwa natoka shule nikiharakisha si kwa sababu ya mama, bali kwa sababu ya ile nusu saa ya kuanika mashuka na kuota. Nilitaka afe. Nimeandika na kufuta sentensi hiyo mara kadhaa, na sasa nimeiacha.

Halafu Jumamosi inafika, nimejifunga khanga safi, nimefumba macho mbele ya majirani: Ee Baba, muongezee siku mama yetu huyu, mpe uzima, nasi utupe furaha ya kumhudumia. Amina, wanaitikia. Nilikuwa nampaka Mungu mafuta kwa mgongo wa chupa, na nilikuwa najua.

Aliyenitikisa ni yule jirani wa Tanga, na wala hakukusudia. Alasiri moja tumekaa barazani kwake, akapita mzee mmoja Msukuma akisukuma baiskeli. Nikainuka, nikapiga goti kidogo kama nilivyolelewa, tukaamkiana Kisukuma. Mwadila, baba. Mwadila, mayu. Mhola? Mhola. Watoto mhola? Mhola. Kwako huko mhola? Mhola duhu, amani tupu. Tukaulizana mvua, tukaulizana ng'ombe, tukaulizana ukoo wa huku na wa kule, vyote mhola. Ndipo mzee akaegemeza baiskeli, akafuta jasho, akasema upepo wa juzi umeezua nyumba yake yote, sasa anatafuta bati.

Alipokwenda, jirani yangu alicheka mpaka akaondoa pini mdomoni asije akaimeza. "Ninyi watu! Mtu hana paa, anasema mhola mara kumi?"

Nikamweleza kwamba ndivyo tulivyo. Salamu hutangulia, na salamu ni amani, hata kama nyumba inaungua. Nikamsimulia nilipokuwa mtoto Shishiyu, alivyokuja mtu kuleta habari ya msiba wa babu. Alifika asubuhi, akapewa kigoda na maji, akasalimiana na baba kuhusu kila kiumbe chenye pumzi, mhola, mhola. Mimi nimekaa karibu na mama nikimenya viazi. Maji yalipokwisha akaweka kata chini, akasema, "Sasa, mzee hatunaye." Baba akainamisha kichwa. Nilimuuliza mama kwa nini yule mtu alidanganya kwanza. Akanijibu kwamba hakudanganya, alikuwa anabisha hodi.

Jirani yangu alisikiliza, akarudisha pini mdomoni, akaingiza kitambaa chini ya sindano. "Sawa," akasema. "Lakini huyo mzee wa baiskeli, mwishoni alisema."

Mashine ikaanza kunguruma. Mimi nikabaki nimekaa nikitazama njia ambayo mzee ameipita, na uso ukaniwaka kwa aibu. Miaka mitatu nilikuwa bado nabisha hodi. Nilikuwa nimesimama na Mwenyezi Mungu tukiulizana mvua, watoto, parokia, mama, kila kitu mhola, na yeye, kama baba yangu siku ile, amekaa kwa adabu akingoja niweke kata chini.

Basi nikaazimia kusema. Kuazimia ni rahisi. Siku ya Jumatano nikapitia kanisani baada ya vipindi, hapakuwa na mtu, njiwa tu kwenye kenchi za paa. Nikapiga magoti. Ee Mungu mwenye huruma, nikaanza, na hapo hapo ulimi ukaingia kwenye njia yake ya siku zote. Nikashukuru, nikasifu, nikawaombea wakulima, nikawaombea vijana. Nilipozinduka nilikuwa nawaombea viongozi wa serikali. Nikainuka nimekasirika, nikajipangusa magoti kama mtu aliyeangushwa.

Nikajaribu tena nyumbani, stoo, nimekaa juu ya gunia la mpunga, mlango nimeurudishia. Safari hii nilinyamaza kwanza ili ile sauti yangu nzuri ichoke. Nikafika mpaka "Baba, mama yangu," nikakwama. Kilichonikwamisha ni woga. Niliogopa kwamba hatanisikia, na niliogopa zaidi kwamba atanisikia. Je, nikisema sasa hivi, halafu nikaingia chumbani nikamkuta amekata roho? Nitaishije? Nikajikuta nimetoka mbio kwenda kumtazama. Alikuwa anapumua, anatazama nje. Nikarudi kupika, nikaunguza mboga.

Iliyobaki ilitokea yenyewe, siku chache baadaye, mchana.

Ilikuwa msimu wa pamba kutoa maua. Kutoka kitandani kwa mama shamba la nyuma ya uzio lilionekana lote, maua meupe ya siku ile na yale ya jana yaliyogeuka kuwa ya waridi, na mwanga ulikuwa mwingi kiasi kwamba yalionekana kama yanaelea juu ya majani. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Meatu, bado mbali. Nilikuwa nimemwosha mama, nimemvika gauni lake la kijani, nimeketi chini sakafuni kumpaka mafuta miguuni. Miguu ya mama yangu ni ya mtu aliyelima. Nyayo ni ngumu, zimepasuka, na hata baada ya miaka mitatu ya kutokanyaga udongo zilikuwa hazijalainika. Mafuta yanaingia na kupotea. Nilikuwa nimechoka uchovu ule unaokufanya usijue kama umelala au uko macho. Joto, harufu ya sabuni, kidole gumba changu kikizunguka kwenye kisigino chake, kikizunguka. Macho ya mama yalikuwa yamefumba nusu, kama anavyolala mchana. Nikadhani amelala.

Nikasikia mtu anazungumza Kisukuma kwa sauti ndogo. Ilikuwa sauti yangu.

"Seba," nilikuwa nasema. Ndivyo wazee wetu wanavyomwita Bwana, na tangu bibi yangu afe sikuwahi kulitumia neno hilo. "Seba, nimechoka. Sisemi kwa kukulalamikia. Nakulalamikia, ndiyo. Nimechoka, nataka umchukue. Kila siku naota godoro lake liko nje. Nampenda, na nataka afe, nami nilale. Wewe ndiye uliyemfanya hivi halafu ukanyamaza, na mimi ndiye ninayefua. Kila Jumamosi nasema nina furaha. Sina furaha. Sasa nimesema, nifanye unavyotaka."

Hakukuwa na ee wala mwenye huruma. Hata amina nilisahau. Machozi yalikuwa yananidondokea kwenye miguu ya mama nami nikawa nayapaka pamoja na mafuta, maana nilikuwa sina mkono wa kuyafutia.

"Mimi kila siku namwambia aniache," mama akasema.

Sikuthubutu kuinua kichwa. Maneno yalikuwa mazito, yametoka upande mmoja wa mdomo, lakini yalikuwa yamekamilika, maneno ya mtu ambaye hakuwa amelala hata kidogo.

"Namwambia niache nione pamba," akaendelea, akipumzika kila baada ya neno. "Maua. Halafu wanavyochuma. Kila mwaka namwambia mwaka mmoja tu. Kumbe wewe huku unamwambia anichukue." Akatazama dirishani. "Tumemchanganya."

Nilitaka sakafu ipasuke. Nikamwambia, "Mayu, nisamehe," nikamwambia sikumaanisha, na hapo hapo akakunja uso ule upande uliokuwa hai, uso wa kunikemea nilioufahamu tangu nikiwa na miaka minne.

"Umemaanisha," akasema. "Usianze tena. Umechoka tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje?"

Akafikiri. Nje upepo wa mvua uligusa shamba, na maua yote yakainama upande mmoja, yakarudi. "Mimi nilinyamaza," akasema mama, "ili usichoke na kunisikiliza."

Hapo nililia kweli kweli, kilio cha kukosa pumzi, paji la uso nimeliweka kwenye magoti yake. Iliniuma kuliko kama angenilaani. Kimya kile nilichokihesabu kuwa ni kuondoka kwake kilikuwa ni yeye, kila siku, akinipunguzia kazi. Nami juu ya kimya hicho nilikuwa nimetandika njozi zangu. Mkono wake wa kushoto ukaja kichwani kwangu, ukatulia hapo, mzito na mkavu.

Halafu mama yangu akasali. Sikuwahi kumsikia akisali peke yake kwa sauti. Kwao sala ya mtu ilikuwa kitu cha kufanya ukigeukia ukuta. "Seba," akasema, "huyu mwanangu amechoka, hadanganyi. Mimi bado sitaki kuja. Tuangalie sisi wawili." Akangoja. "Sema amina."

Sikusema.

"Sema amina," akarudia, kwa sauti ile ya kunituma maji kisimani.

"Ile ya kwanza, amina," nikamjibu. "Kwamba nimechoka."

"Na ya pili?"

Nikamtazama. Ningeweza kusema, neno ni jepesi, nimeliongoza mbele za watu maelfu ya mara. Alikuwa ananitazama kwa macho yake yote mawili, na yeye angejua. "Ya pili nisubiri kidogo, mayu," nikasema.

Nilidhani nimemvunja moyo. Badala yake kifua chake kikaanza kutikisika, na kikatoka kicheko, cha nusu mdomo, kibaya, kikavu, kicheko cha kwanza ndani ya nyumba yangu tangu nimlete. "Haya," akasema. "Nasubiri. Sina pa kwenda."

Sitaki kujifanya kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Mashuka yalikuwa yale yale. Jumamosi iliyofuata mwenyekiti alipouliza nani atatuombea, nikafumba macho nikasema kwa kifupi kwamba namhudumia mama yangu na nimechoka, na wakati mwingine natamani yaishe, Mungu anisaidie. Mtu akakohoa, wakaanzisha wimbo haraka kabla sijaongeza. Yule mama anayelia kwenye wagonjwa hakulia siku hiyo. Lakini Jumanne alikuja na beseni lake, akachukua mashuka ya mama bila kuuliza, akaenda nayo kwake. Jumapili kaka wa Mwanza alipoanza na Mungu atasaidia, nikamwambia Mungu ameshasikia, sasa ninayemngoja ni yeye kaka yangu. Alikasirika. Mwezi uliofuata alikuja, akamgeuza mama kwa siku kumi, akarudi Mwanza mgongo unamuuma, na tangu hapo simu zake zimekuwa fupi na za kweli zaidi.

Na kila mchana, mafuta yakiwa mkononi, tulisali, kila mtu ya kwake, bila kuoneana haya. Yeye alisema aachwe. Mimi nilisema nilivyoamka. Kuna siku nilisema leo bado nataka umchukue, na mama aliitikia "amesema," kisha akaendelea na yake. Kuna siku nilikuwa sina la kusema, nikamwambia Bwana kwamba sina. Akifika mwisho wa sala yake aliningoja, nami nikatikisa kichwa, naye hakunisukuma. Njozi ya godoro ilikuja mara chache, kisha sikumbuki ilikoma lini. Maua yakadondoka, vitumba vikakaza, vikapasuka, shamba likawa jeupe.

Siku watu walipoanza kuchuma nilirudi mapema kutoka shule. Nilimkuta amesogezwa na jirani hadi karibu kabisa na dirisha, shingo ameinyoosha, midomo inacheza bila sauti. Alikuwa anawahesabu wachumaji, na mmoja alikuwa anamkera kwa kuacha pamba kwenye vikonyo. Nikasimama mlangoni na daftari za wanafunzi kifuani, nikamtazama muda mrefu bila yeye kujua. Sikutaka aende popote. Nilisubiri ile hamu nyingine ije, haikuja. Nikaweka daftari chini, nikachukua mafuta, nikaanza na mguu wa kushoto, na nilipofika kwenye kisigino nikasema amina kwa sauti, ile ya pili.

Alikuwa ameshasinzia. Nikamwamsha ili asikie.